Mwanamke Aliyeupa Mpira Mgongo

Watu wa Kurahama wana jambo lao. Ikikaribia saa moja jioni hujaa kwenye duka kubwa la Marukichi na hawanunui kitu. Wanazungukazunguka, wanasoma maandishi ya chupa za siki, wanabonyeza figili ambazo hawana haja nazo, huku jicho moja liko kwenye mlango wa stoo. Humo ndimo anamotokea Bi Hatsue na karatasi zake nyekundu za nusu bei, kubandika vyakula vilivyobaki. Akishabandika ya kwanza, adabu huwekwa pembeni na kila mtu anajua la kufanya na viwiko vyake.

Chizuru Okabe alikuwa mzoefu wa vita hiyo. Jioni ile ya Februari alitoka moja kwa moja kazini, kwenye kliniki ya macho, akiwa na koti fupi la zambarau, sketi ya sufu ya kijivu, barakoa usoni na nywele zimebanwa kwa kijiti chekundu. Bi Hatsue alipolibandika boksi la mwisho la samaki wa kuchoma, kibua mnono aliyelalia wali, Chizuru akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukatua hapohapo.

"Kaka, toa mkono," alisema. Sauti yake ilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta.

"Mimi ndiye niliyetangulia, dada."

"Ulitangulia kuangalia. Kushika nimetangulia mimi."

"Una mafua? Mbona sauti imekwisha?"

"Sauti yangu haikuhusu. Kinachokuhusu ni huyu samaki, na anaondoka."

Mwanamume yule alikuwa mrefu, koti jeusi limemfika magotini, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, naye pia ana barakoa. Badala ya kujibu aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Sema tena," alisema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Sauti hii naijua. Juzi ilinifokea dakika tisini nzima, kimbia, kimbia, mpaka nikaiota."

Akashusha barakoa. Alikuwa Ryoji Kusunoki, mshambuliaji mpya wa Kurahama Isana, timu yetu ya daraja la pili. Na Chizuru, ambaye ndiye mwongoza nyimbo wa jukwaa la nyuma ya goli, ambaye ndiye aliyemtungia mtu huyu wimbo wake na kuufundisha jukwaa zima, hakuwa amemtambua.

Msimlaumu. Kazi ya mwongoza nyimbo ina sharti moja gumu. Unasimama juu ya kijukwaa cha chuma na kipaza sauti mkononi, uso kwa mashabiki, mgongo kwa uwanja, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Hugeuki. Ukigeuka wewe, wote wanaanza kutazama na kusahau kuimba.

"Kwa hiyo hujawahi kuniona nikicheza," alisema Ryoji.

"Uwanjani sijamwona yeyote akicheza. Naona nyuso. Zikifunguka, tumefunga. Zikikunjamana, tumefungwa. Mengine naangalia kwenye marudio nyumbani kesho yake."

Ryoji akaitupia jicho beji ya kliniki iliyokuwa bado kifuani mwa Chizuru. "Unapima macho ya watu, wewe mwenyewe huoni mpira."

"Na wewe unalipwa kufunga. Umefunga?"

Bi Hatsue, ambaye hakuna kilichompita dukani mle, alicheka mpaka karatasi zikamdondoka. Ryoji akaokota moja, akaibandika kifuani mwake.

"Basi mimi nami ni bidhaa ya jioni," alisema. "Miaka thelathini na moja, goti limeshonwa, daraja la kwanza wamenitoa rafuni. Nusu bei."

"Bandua. Watu wanaangalia."

Lakini alikuwa anacheka. Walikula yule samaki pamoja, kwenye benchi la nje karibu na mashine ya chai ya makopo, wakigombea ngozi yake, maana ngozi ndiyo tamu.

Mapenzi yalianza hivyo, na yalianza kwa siri. Jukwaa letu lina msemo: anayewaimbia wote asiwe wa mmoja. Mwongoza nyimbo akiwa na mchezaji wake, nani ataamini anapoliita jina la fulani kwa nguvu kuliko la mwingine? Kwa hiyo walipendana kwa simu, hasa timu ikiwa safarini.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula viazi vya hoteli. Vina ladha ya sabuni."

"Pole. Mimi nimekula figili zako ulizoacha kwenye friji."

"Mwizi wewe. Kesho nakufungia bao, nakunyooshea kidole mbele ya wote."

"Ukininyooshea sitakuona, mume wangu. Nitakuwa nimekupa mgongo."

"Umesema mume wangu?"

"Simu inakatakata. Lala."

Mwezi wa nane, kwenye sherehe ya fataki, walitembea mkono kwa mkono katikati ya mji, na hakuna aliyewajua kwa sababu walivaa vinyago vya mbweha vya kununua kwenye vibanda. Chizuru alivaa yukata, kimono chepesi cha kiangazi, ya buluu iliyokolea yenye maua meupe, na Ryoji alimwambia kwamba hata kwa uso wa mbweha yeye ni mzuri kuliko wanawake wote wa pwani ile. Chizuru alijibu kwamba anasema hivyo kwa sababu hajawahi kuoa mbweha wa kweli.

Chumba cha Chizuru kilikuwa juu ya duka la dobi, na ngazi zake zilikuwa za chuma. Ryoji alipanda vizuri. Kushuka ndiko kulikokuwa na kituko: alishuka ubavuubavu, mkono kwenye reli, mguu wa kushoto ukitangulia kila mara na wa kulia ukiletwa nyuma yake kama mgeni.

"Mbona unashuka kama kaa?"

"Mazoea tu. Wachezaji wazee ndivyo tunavyoshuka."

Halikuwa zoea. Goti la kulia lilikuwa linavimba tangu mvua za Juni, na kuna siku lilikuwa linajifunga kabisa, halikunjuki. Hakumwambia daktari wa timu wala kocha wala Chizuru. Alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja, na mchezaji wa mwaka mmoja mwenye goti bovu hana cha kumwambia mtu mwezi wa kumi na moja, mikataba inapofanywa upya. Timu ilikuwa imeshaingia kwenye zile tatu za mkiani ambazo hushuka daraja. Aliona heri acheze na maumivu kuliko akae benchi na huruma.

Ndipo ikaja mechi ya Takasu. Takasu ni jirani zetu wa ng'ambo ya milima. Tunawauzia samaki, wanatuuzia mapeasi, na hatupendani. Mvua ilikuwa ya rasharasha, bendera zimelowa, sare ya bao moja kwa moja, mechi inaelekea ukingoni. Chizuru alikuwa anaimbisha, mgongo uwanjani, maji yanamtiririka shingoni. Akaona nyuso zinafunguka. Macho yakatoka, midomo ikaachama, watu wakaegemea mbele wote pamoja. Alijua kuna mtu wetu yuko peke yake mbele ya goli.

Kisha nyuso zikaanguka. Haikuwa sura ya shuti lililotoka nje. Ile anaijua, ina uchungu wenye upendo ndani yake. Hii ilikuwa dharau.

"Ameogopa," mtu alisema safu ya mbele. "Kusunoki ameogopa kupiga. Amerudisha nyuma."

Pasi ile ya kurudi nyuma ilinaswa, Takasu wakakimbia nayo hadi upande wa pili, wakafunga. Mpira ukaisha.

Mechi ikiisha, wachezaji wetu huja mbele ya jukwaa, wanapanga mstari, wanainama. Mwongoza nyimbo anaita majina, moja moja, ngoma inapigwa, jukwaa linaitikia. Tunafanya hivyo hata tukifungwa saba. Siku ile Chizuru aliita majina yote, na alipofika kwa Kusunoki akaliruka. Ngoma haikupigwa. Wenzake waliinua vichwa, lakini Ryoji alibaki ameinama, maji yanadondoka kwenye nywele zake, mpaka kipa alipomshika bega.

Ryoji alipiga simu kesho yake mchana. Chizuru alikuwa ameketi nyuma ya kliniki, andazi la maharage mkononi, hajaliuma.

"Uliliruka jina langu."

"Niliyaimbisha majina ya waliopigana."

"Umeangalia marudio?"

"Sikuangalia. Sina hamu."

"Kwa hiyo hukuona."

"Niliona nyuso, Ryoji. Watu wanaosafiri na timu hii usiku kucha kwenye basi, wanaokula mlo mmoja wapate tiketi. Niliona walivyokutazama."

"Uliona walivyonitazama. Mji mzima unipe mgongo, sawa, nimezoea. Lakini wewe kila Jumamosi unanipa mgongo, nikasema hiyo ni kazi yake, moyo wake uko upande wangu. Kumbe mgongo ni mgongo tu."

"Basi niambie kwa nini hukupiga."

"Ungeniuliza hilo kabla ya kuliruka jina."

"Nakuuliza sasa."

"Sasa umechelewa, dada Okabe."

Akakata. Miezi yote ile hakuwa amemwita hivyo, na jina hilo lilimuuma Chizuru kuliko tusi.

Alipotoka kazini alikaa sakafuni na koti lake, akafungua marudio. Aliirudia ile sehemu. Ryoji anaingia na mpira, kipa ametoka, goli liko wazi upande wa kulia. Anauweka mguu wa kushoto chini apige kwa wa kulia. Mguu wa kulia haukuja. Ulibaki nyuma, umekunjika, halafu ukavutwa taratibu kama mgeni anayeletwa ndani. Aliurudisha mpira kwa mguu pekee uliokuwa unamtii. Watu elfu kadhaa walikuwa wametazama lile tukio kwa macho yao wakaona woga. Chizuru aliyewahi kusimama juu ya ngazi za dobi akimcheka kaa wake aliona goti.

Alilia kwa hasira, na hasira ilikuwa pande zote. Alijikasirikia kwa kuliruka jina la mtu ambaye hakumwangalia. Alimkasirikia Ryoji kwa kumdanganya ngazini siku baada ya siku. Alipiga simu ikaita mpaka ikachoka.

Mzee Sakuma, muuza tofu, ile jibini laini ya soya, ndiye mpiga ngoma wetu, na neno lake jukwaani ni zito. Chizuru alimkuta dukani kwake anakata tofu kwenye maji, mikono imekuwa myekundu kwa baridi.

"Wenzako wamekubaliana," alisema mzee bila kuinua macho. "Wimbo wa Kusunoki hauimbwi tena msimu huu."

"Mimi sijakubali."

"Uliliruka jina mwenyewe, mama. Ulianza wewe."

"Nilikosea. Sasa nalirudisha."

"Kwa sababu gani?"

Chizuru angesema goti, habari ingefika kwa kocha kabla tofu haijaisha kukatwa, na Ryoji angekaa nje mechi ya mwisho. Siri haikuwa yake.

"Ninayo sababu. Siitoi."

Sakuma akaweka kisu chini. "Unadhani hatujui? Bi Hatsue ana mdomo. Ukimwimbia, watasema unamwimbia bwana wako."

"Waseme."

"Watakuvua kipaza sauti."

"Waje wachukue. Koo si lao."

"Na kama hawatakuitikia?"

"Nitaimba peke yangu, mzee. Nilimtungia wimbo simjui. Sasa namjua, ndio nikae kimya?"

Sakuma alimfungia tofu kwenye mfuko, wala hakumdai kitu.

Mechi ya mwisho ilikuja na baridi ya Novemba. Hesabu ilikuwa nyepesi: tukishinda tunabaki, tusiposhinda tunashuka daraja la tatu. Uwanja ulijaa zambarau, rangi ya timu, hadi kwenye ngazi. Chizuru alipanda kijukwaa chake na skafu mbili shingoni, akaimbisha kama mtu anayefukuza moto. Kipindi cha kwanza hakuna kitu. Cha pili pia kikaanza kuliwa, dakika kwa dakika, nyuso mbele yake zinazidi kusinyaa.

Kisha zikabadilika kwa ghafla, zikafungwa kama maduka. Hakuhitaji kugeuka. Alijua nani ameingia uwanjani.

Akainua kipaza sauti na kuanza wimbo wa Kusunoki.

Hakuna aliyeitikia. Ngoma ilinyamaza. Aliumaliza, akaanza tena, sauti inachanika, na watu safu ya mbele wakaangalia viatu vyao.

"Shuka, dada," kijana mmoja alisema. "Unatuaibisha."

"Aibu ni yangu, niachie."

"Anamwimbia bwana wake huyo," mwingine akadakia.

"Ndiyo," alisema Chizuru, na alilisema kwenye kipaza sauti, likasikika hadi kwa wauza tambi. "Ni wangu. Nimempenda tangu Februari, na mwezi uliopita niliwafuata nyie nikamruka. Leo siwafuati. Leo naangalia kwa macho yangu, na anayetaka kunishusha aje."

Akafanya ambalo mwongoza nyimbo hafanyi. Alimwekea Sakuma kipaza sauti juu ya ngoma, akageuka.

Uwanja ulikuwa mkubwa kuliko kwenye televisheni na wa kijani kupita kiasi. Akamtafuta, akampata: namba ishirini na saba, mikono ya jezi ameivuta hadi kwenye vidole, anakimbia kwa mguu mmoja na kuuburuza wa pili, na bado anafika. Anafika kila mpira. Anaanguka, anainuka kwa kushika nyasi, anafika tena. Chizuru akaimba akimtazama, bila kipaza, koo tupu.

Mzee Sakuma alitazama juu ya bega la Chizuru, kule anakotazama yeye. Labda ni kwa sababu alimsikia akisema anaangalia kwa macho yake, labda kile kijiti chekundu cha nywele mbele yake kilimwonyesha njia. Aliuona mguu. Sakuma amebeba masinia ya tofu miaka arobaini, goti anajua.

"Kumbe," alisema taratibu. Na akapiga ngoma.

Jukwaa likaingia mstari wa pili. Walioanza walikuwa wachache, kisha safu, kisha wote, na wimbo ukavuka uwanja kwa uzito ambao haukuwahi kuwa nao. Ryoji alisikia. Alisimama nusu hatua, akatazama nyuma ya goli, na kwa mara ya kwanza hakuona mgongo wa koti la zambarau. Aliona uso.

Krosi ilikuja dakika za nyongeza. Aliruka kwa mguu wa kushoto, akaupiga kwa kichwa, ukagonga mwamba, ukashuka, kipa akaulalia. Sitasema uongo kuwapendeza. Haukuingia. Mwamuzi akapuliza, sare, tukashuka daraja.

Wachezaji walikuja kuinama, wengine wanalia. Chizuru akachukua kipaza sauti, akaita majina. Lile alilowahi kuliruka aliliweka mwisho, na kwenye jina hilo sauti yake ikakatika kabisa. Jukwaa likamalizia. Liliimba hata taa za matangazo zilipozimwa, hata walinzi walipoanza kuangalia saa, liliimba kama watu waliopanda badala ya kushuka, na timu ya wageni ikasimama kwenye mlango wa basi lao kusikiliza.

Jumatatu jioni Marukichi ilijaa kama kawaida, ila kimya, na wengi bado walikuwa na skafu za zambarau. Chizuru alikuwa kwenye sehemu ya samaki, sauti hana hata chembe. Ryoji aliingia na mkongojo, goti limefungwa chuma. Watu wakampisha.

"Nimetoka hospitali," alimwambia. "Watalipasua tena. Mpira basi. Na klabu imenipigia asubuhi, wamenishukuru kwa msimu mzuri. Nilikudanganya pale ngazini. Niliogopa ukijua utaniangalia kwa huruma."

Chizuru alinong'ona kwa shida. "Nami nilikuhukumu sijakuangalia. Nisamehe."

"Uligeuka. Nilikuona."

"Ulikosa bao."

"Nilikuwa naangalia jukwaani. Kosa lako."

Bi Hatsue alikuwa amesimama na karatasi zake, samaki hajawabandika, na hakuna aliyelalamika. Ryoji akachomoa karatasi moja nyekundu mkononi mwake, akaibandika kifuani kama siku ile.

"Sasa ndio nimeshuka kweli," alisema. "Goti bovu, kazi sina, daraja la tatu. Lakini Kurahama siondoki, hata wanifukuze. Nitakaa jukwaani, mbele yako hasa, na mimi nitakuwa nauona mpira. Ukitaka kujua kinachoendelea nyuma yako, tazama uso wangu tu. Tuoane, Chizuru?"

Chizuru akanyoosha mkono, akaibandua ile karatasi taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti lake. Kisha akasema kitu, lakini kilitoka pumzi tupu.

"Amesema nini?" aliuliza bibi mmoja aliyeshika figili.

Bi Hatsue alikuwa karibu, na masikio yake mnayajua.

"Amesema huyu anamchukua kwa bei kamili," akatangaza, akaanza kubandika samaki.